Kiwanja Kipya na Kombe: Montevideo 1930 na Rio de Janeiro 1950

Mcheza kwao hutunzwa, wasema Waswahili. Na kwa hoja kama hiyo watawala wa mataifa mengi wamejenga viwanja vikubwa vya michezo, wakitumaini kwamba taifa litakalocheza katika nyumba yake mpya halitakosa kombe. Matumaini hayo si ya bure kabisa, wala si ya kweli kabisa. Ili kuyapima, yafaa kuvitazama viwanja viwili vya Amerika ya Kusini. Kimoja kilijengwa na taifa dogo, nalo likapata kombe. Cha pili kilijengwa na taifa kubwa, nalo likalikosa. Na mshindi katika viwanja vyote viwili alikuwa yule yule, Uruguay.

Mwaka 1929 Uruguay ilipewa heshima ya kuwa mwenyeji wa Kombe la Dunia la kwanza. Wakazi wake hawakufika milioni mbili, lakini iliahidi kuwalipia wageni nauli na malazi, na kujenga kiwanja kipya mjini Montevideo. Kiwanja hicho, kilichochorwa na Juan Scasso, kiliitwa Centenario, kwa kuwa mwaka 1930 Katiba ya kwanza ya nchi ilitimiza miaka mia. Mafundi walifanya kazi usiku na mchana. Walakini mashindano yalipoanza tarehe 13 Julai kiwanja kilikuwa hakijawa tayari, na mechi za kwanza zikachezwa katika viwanja vidogo vya mji huo. Tarehe 18 Julai, siku ya kumbukumbu ya Katiba, milango ikafunguliwa, na wenyeji wakaifunga Peru 1-0. Tarehe 30 Julai wakakutana na Argentina katika mechi ya mwisho. Wakati wa mapumziko Argentina ilikuwa mbele kwa mabao 2-1. Filimbi ya mwisho ilipolia Uruguay ilikuwa imeshinda 4-2.

Mwenye kuutazama mwaka huo peke yake aweza kusema kwamba kiwanja ndicho kilicholeta kombe. Lakini Uruguay ilikuwa imekwisha kutwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Paris mwaka 1924, na tena mjini Amsterdam mwaka 1928, ambako katika mechi ya marudio iliifunga Argentina hiyo hiyo 2-1. Nahodha José Nasazzi, na wenzake José Leandro Andrade na Héctor Scarone, walikuwamo katika mashindano yote matatu. Ushindi huo, pamoja na sherehe ya miaka mia, ndio ulioipatia nchi uenyeji. Na uenyeji ndio uliosababisha kiwanja kujengwa. Centenario kilikuwa mtoto wa ushindi kabla ya kuwa mlezi wake.

Miaka 20 baadaye Brazil ilijenga kiwanja kikubwa kuliko vyote duniani, Maracanã, mjini Rio de Janeiro. Kazi ilianza mwezi Agosti 1948, na kiwanja kikafunguliwa mwezi Juni 1950, hali ujenzi haujamalizika. Brazil ilikuwa na wachezaji hodari kweli: katika duru ya mwisho iliifunga Sweden 7-1 na Hispania 6-1. Ilibaki Uruguay tu, tarehe 16 Julai, na sare ingetosha. Watu 173,850 walikata tiketi, na wengi husema waliokuwamo walikaribia 200,000. Kabla ya mechi meya wa mji aliwahutubia wachezaji kama watu waliokwisha kuwa mabingwa. Wahenga wameonya kwamba mbeleko hainunuliwi kabla mtoto hajazaliwa.

Friaça aliifungia Brazil bao mara baada ya mapumziko. Nahodha wa Uruguay, Obdulio Varela, hakuwa na haraka; aliuchukua mpira na kubishana na mwamuzi, mpaka kelele za majukwaa zikapungua. Kisha Schiaffino akasawazisha, na zikiwa zimesalia dakika 11 Ghiggia akafunga bao la pili. Umati ule mkubwa, uliotarajiwa kuwa nguvu ya wenyeji, ukanyamaza. Na kimya chake kikawa mzigo juu ya mabega ya wachezaji kumi na mmoja. Mlinda goli Moacir Barbosa alilaumiwa kwa bao hilo hata alipofariki mwaka 2000, yaani miaka 50 kwa kosa la dakika moja.

Brazil ililipata Kombe la Dunia mara tano: Sweden 1958, Chile 1962, Mexico 1970, Marekani 1994, na Japani na Korea ya Kusini 2002. Yote matano yalipatikana ugenini. Hata hivyo si haki kusema kwamba Maracanã kilikuwa na mkosi, maana humo humo Brazil ilitwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2016 na Kombe la Amerika ya Kusini mwaka 2019.

Afrika ya Mashariki nayo ina mfano wake. Mwaka 1987 Kenya ilipokea Michezo ya Afrika katika kiwanja kipya cha Kasarani, Nairobi, kilichojengwa kwa msaada wa China. Timu ya taifa ilifika mpaka mechi ya mwisho mbele ya watu wake, ikafungwa na Misri 1-0. Kiwanja kilikuwa cha mwaka huo. Lakini Misri ilikuwa bingwa wa Afrika tangu mwaka uliotangulia.

Yaonekana basi kwamba kiwanja kipya huongeza kile kilichokwisha kuwapo. Palipo na ustadi uliolelewa kwa miaka mingi, majukwaa yaliyojaa huutia nguvu. Palipo na wasiwasi, huuzidisha pia. Saruji yaweza kumwagwa kwa miezi michache, lakini akina Nasazzi hawakupatikana kwa muda huo. Taifa litakalotumia fedha yake yote katika majukwaa, likawasahau vijana wachezao vumbini, litakuwa limewajengea wageni mahali pazuri pa kushindia. Methali yenyewe humtaja mcheza kwanza, ndipo ikataja kwao.