Kihamba, Chungu na Jirani

Maandiko yanaanza habari za mwanadamu katika bustani. Kabla ya hekalu, kabla ya sheria na kabla ya mfalme, Mungu alipanda bustani katika Edeni, akamweka mtu humo ailime na kuitunza. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya ndizi, mboga na sufuria iliyo jikoni, bado tuko ndani ya mambo ya imani. Sisi washarika wa miteremko ya Kilimanjaro, pamoja na watoto wetu waliotawanyika Moshi mjini, Arusha na Dar es Salaam, tunayo bustani yetu ya kusimulia. Inaitwa kihamba. Katika insha hii tunakumbuka jinsi kihamba kilivyolisha nyumba zetu, jinsi kanisa lilivyokikuta, na urithi ambao mama zetu wametuachia ndani ya chungu.

Bustani iliyotangulia kanisa

Kihamba ni shamba linalozunguka nyumba. Juu kabisa husimama miti mirefu kama mringaringa, inayotoa kivuli, kuni na mbao. Chini yake ni migomba, na chini ya migomba ni kahawa. Karibu na ardhi kuna magimbi, maharage, maboga na mboga za majani. Ng'ombe na mbuzi hufungwa zizini wakaletewa majani, na samadi yao hurudi kwenye mashina ya migomba. Mpaka na jirani huonyeshwa kwa masale, mmea uleule ambao jani lake hupelekwa kwa mtu aliyekosewa wakati wa kumwomba msamaha. Waliotutangulia wamezikwa humohumo. Nyumba, jiko, kaburi na mboga viko mahali pamoja.

Vyakula vyote hivyo havikuzaliwa mlimani. Mgomba asili yake ni Asia ya kusini-mashariki, nao ulifika Afrika zamani sana, karne nyingi kabla ya meli za Wazungu. Maharage, mahindi, maboga, nyanya na parachichi asili yake ni Amerika, na vilikuja baada ya Wareno kuanza safari zao katika bahari ya Hindi. Babu na bibi zetu walivipokea, wakavijaribu, wakavipa nafasi chini ya migomba. Chungu chetu, tukikiangalia vizuri, kimejaa wageni waliokaribishwa hadi wakawa wenyeji.

Pamoja na udongo mzuri, kihamba kilihitaji maji. Wazee walichimba mifongo, mifereji inayochepusha maji ya mito na kuyashusha ukingoni mwa mlima hadi mashambani. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 11, Musa analinganisha Misri, ambako mtu alimwagilia shamba lake kama bustani ya mboga, na nchi ya milima na mabonde inayokunywa maji ya mvua. Sisi tulipewa yote mawili: mvua kutoka mbinguni na kazi ya mikono. Mfongo haukuwa wa mtu mmoja. Aliyetaka maji alishiriki kuusafisha, akapewa zamu yake, na aliyeziba maji ya mwenzake alishitakiwa mbele ya wazee. Hivyo hata mchicha wa nyumba moja ulikuwa na deni kwa majirani wengi.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitokea Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima na theluji yake. Huko Ulaya wasomi wengi walikataa kuamini kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Walibishana juu ya kilele. Chini ya kilele hicho akina mama walikuwa wakimenya ndizi kama kila siku.

Kanisa linakuta migomba

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kuanza kazi Kilema. Bruno Gutmann, aliyekuja mwaka 1902 na kufanya kazi miaka mingi Old Moshi hadi 1938, aliona kwamba watu hawa tayari walikuwa wamefungamana kwa ukoo, ujirani na rika. Alifundisha kwamba usharika ujengwe juu ya vifungo hivyo, usivibomoe. Tunaweza kutofautiana naye katika mengine, lakini katika hili aliliona jambo ambalo kila mama alilijua: mtu hali peke yake.

Wamisionari walileta pia kahawa. Ilianzia katika bustani za misioni mwishoni mwa karne ya 19, ikaingia vihambani, ikakua vizuri chini ya kivuli cha migomba. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha kwanza, na mwaka 1933 ukazaliwa ushirika wa KNCU. Kahawa ilijenga shule, makanisa na nyumba za bati. Ilileta pia mgawanyo ndani ya shamba moja: kahawa ikawa ya baba, kwa kuwa ilileta fedha, ndizi na mboga zikabaki mikononi mwa mama, kwa kuwa zilileta chakula. Historia nyingi zilizoandikwa juu ya mlima wetu zinahusu kahawa. Lakini hakuna mtoto aliyelala ameshiba kahawa.

Ibadani, bustani ya mama ilipata mahali pake. Hata leo, katika sikukuu ya mavuno, madhabahu huzungukwa na mikungu ya ndizi, maboga, mayai, mbogamboga na kuku waliofungwa miguu. Baada ya ibada hufuata mnada nje ya kanisa. Mkungu mmoja hununuliwa, mnunuzi akautoa tena, ukauzwa mara ya pili, na mara nyingine ukaishia kwa mzee asiye na wa kumpikia. Mgeni anaweza kuuona mnada kama biashara. Sisi tunaujua kama sadaka inayotembea hadi imfikie mwenye njaa.

Urithi wa wasiorithi ardhi

Kwa desturi, kihamba kilirithiwa na wana wa kiume, na mtoto wa mwisho mara nyingi ndiye aliyebaki katika nyumba ya wazazi. Binti hakuhesabiwa. Aliolewa, akaondoka, akaenda kulima kihamba cha ukoo mwingine. Hakubeba udongo. Alibeba alichofundishwa jikoni na mama yake, na kule alikokwenda mama mkwe akamwongezea. Kwa njia hiyo mapishi yalitembea kutoka Rombo hadi Machame, kutoka Marangu hadi Kibosho, bila kuandikwa popote. Tunaandika machache hapa kwa heshima ya hao waliotufundisha.

La kwanza ni mtori, chakula cha mama aliyejifungua. Chukua ndizi mshare mbichi, upake mikono mafuta ili utomvu usikunate, umenye na kuzikata vipande. Nyama ya ng'ombe yenye mifupa ichemshwe kwanza polepole mpaka iwe laini, kwa maana supu ndiyo nguvu ya chakula hiki. Toa nyama pembeni. Weka ndizi katika supu pamoja na kitunguu, na ukipenda karoti, uzichemshe mpaka zilainike kabisa. Ziponde kwa mwiko ziwe uji mzito, urudishe nyama iliyochambuliwa kutoka mifupani, utie chumvi na siagi au maziwa. Mama mzazi hunywa ukiwa moto, siku baada ya siku, na kwa kawaida si yeye anayeupika. Hupika mama yake au mama mkwe, na majirani huja na ndizi, nyama na maziwa. Mtoto anapokelewa duniani kwa mikono ya wengi kabla hajapelekwa kwenye ubatizo.

La pili ni kiburu, chakula cha siku za kawaida. Maharage huchemshwa mpaka yakaribie kuiva. Ndizi mbichi zilizomenywa huwekwa juu yake, pamoja na magadi kidogo sana, vikaiva pamoja, kisha vikapondwa. Wengine huongeza kitunguu na mafuta. Wazee wengi walikula bila chochote zaidi ya chumvi. Kiburu hushibisha wafanyakazi wa shambani. Kimesomesha watoto wengi ambao sasa wana vyeo vikubwa na wanaona haya kukitaja.

La tatu ni mnavu. Chuma majani machanga, uache matunda mabichi kwa kuwa hayafai kuliwa. Osha, chemsha kidogo, mwaga maji ya kwanza ili kupunguza uchungu. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mnavu, kisha maziwa kidogo au karanga zilizosagwa, uache dakika chache. Uchungu hautoki wote, wala hautakiwi kutoka wote. Majani ya maboga hupikwa vivyo hivyo, ila yavuliwe nyuzi kwanza, nayo hayahitaji kumwagiwa maji. Mboga hizi ziliota zenyewe pembeni mwa migomba, na jirani aliruhusiwa kuchuma akiomba. Mithali sura ya 15 inatukumbusha kwamba mlo wa mboga penye upendo unapita nyama iliyonona penye chuki. Mama zetu walikuwa na mboga za kutosha kuhakikisha neno hilo.

Kihamba kinapopungua

Sasa tuseme ukweli kuhusu siku zetu. Kihamba kilichomtosha babu kiligawanywa kwa wanawe, na wao wakakigawa tena. Leo nyumba nyingi zina kipande ambacho mkungu wa ndizi ukianguka unaangukia kwa jirani. Mkataba wa kimataifa uliolinda bei ya kahawa ulivunjika mwaka 1989, bei ikaanguka, na miaka iliyofuata wengi waling'oa mibuni au kuiacha ifie shambani. Vijana wameshuka mijini kutafuta kazi. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia nzima. Tulifurahi. Lakini kutambuliwa na dunia hakupandi mgomba. Katika nyumba nyingi za mlimani siku hizi mboga hununuliwa sokoni, na mtoto anajua jina la biskuti kuliko jina la mnavu.

Liko jambo zito zaidi. Katika Wafalme wa Kwanza sura ya 21, Nabothi alikataa kuuza urithi wa baba zake. Mfalme Ahabu aliutaka kwa sababu ndogo tu: ulikuwa karibu na nyumba yake, naye alitaka kuufanya bustani ya mboga. Damu ilimwagika kwa ajili ya bustani ya mboga. Katika koo zetu damu haimwagiki mara kwa mara, lakini mjane huambiwa aondoke mumewe akiwa hajamaliza hata mwaka kaburini. Aliyeipanda migomba na kuitilia samadi miaka thelathini huambiwa kwamba alikuwa mgeni. Na siku ya mavuno, aliyemfukuza huleta mkungu wa migomba ileile mbele ya madhabahu.

Yesu aliwaambia waandishi na Mafarisayo kwamba wanatoa zaka ya mnanaa, bizari na jira, yaani ya vijani vya bustani ya jikoni, huku wameacha adili, rehema na imani. Hakuwakataza kutoa zaka ya bustani. Aliwataka wasiisahau haki ya mtu aliyeilima. Tena katika Hesabu sura ya 27, binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakadai urithi wa baba yao, na Bwana akasema kwamba wanenalo ni haki. Sheria za ardhi za nchi yetu za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Maandiko yalitangulia sheria hizo kwa maelfu ya miaka. Kilichobaki ni sisi, wazee wa ukoo na wazee wa kanisa, ambao mara nyingi ni watu walewale.

Tugawane

Ardhi ikigawanywa hupungua. Hilo hatuwezi kulibadilisha. Mapishi yakigawanywa hayapungui. Mama akimfundisha binti wa jirani kupika mtori, anabaki na mtori wake wote.

Kwa hiyo tunawasihi washarika wenzetu mambo machache. Katika jumuiya zetu za nyumba kwa nyumba, tuwape bibi zetu nafasi ya kufundisha mapishi, na wavulana wawepo pia, maana nao wana matumbo. Mwenye kipande kidogo cha ardhi apande mboga walau kando ya zizi. Anayeishi mjini apande mnavu na mchicha katika magunia na ndoo zilizotoboka. Familia zinapopanda mlimani kwa ajili ya Krismasi, watoto wapelekwe shambani wakachume kabla ya kula. Mzazi anapojifungua mtaani kwetu, hata kama ametoka mkoa mwingine na hajui neno mtori, apelekewe. Na tunapokaa kikao cha ukoo kugawa kihamba, tuanze kwa kuuliza ni nani aliyekilima.

Bwana aliyepanda bustani ya kwanza atujalie tuitunze hii ya mwisho tuliyobaki nayo, na kila chungu kinachopikwa ndani yake kiwe na sehemu ya jirani.