Stempu Isiyopeleka Barua

Bata mwitu wawili wanashuka kutua majini. Ndiyo picha ya stempu ya kwanza ya bata ya Marekani, iliyoanza kuuzwa Agosti 1934 kwa dola 1. Stempu hii haibandikwi kwenye barua. Mwindaji wa miaka 16 au zaidi lazima awe nayo ndipo apige bata, na ile ya karatasi haihesabiki mpaka aitie saini kwa wino.

Ukame ndio ulioizaa. Wakulima wa nyanda za kati walikuwa wamechimba mitaro na kukausha mabwawa wapate mashamba. Jua la miaka ya 1930 likamalizia yaliyobaki. Bata akikosa maji, hata bunduki zote zikiwekwa chini, vifaranga wataponea wapi? Sheria ya 1929 iliruhusu serikali kununua ardhi ya ndege wahamao, lakini haikuwa na chanzo cha fedha cha kutegemewa, na mwaka huohuo uchumi ukaporomoka.

Rais Roosevelt akamwita Jay Norwood Darling, mchora katuni wa gazeti moja la Iowa, aongoze idara iliyosimamia wanyamapori. Darling alikuwa wa chama cha upinzani, na kalamu yake ilikuwa imemchoma Rais mara nyingi. Nawaheshimu wote wawili kwa hilo. Roosevelt alisaini sheria ya stempu Machi 16, 1934, na picha ya kwanza akaichora Darling mwenyewe. Za toleo hilo ziliuzwa stempu 635,001.

Katika kila dola, senti 98 huenda kununua au kukodi ardhi oevu. Zaidi ya ekari milioni 6 zimepatikana hivyo, na humo wanaishi pia vyura na samaki ambao hakuna mwindaji wa bata anayewalenga. Linaloniuma ni bei ya stempu: iliganda dola 15 tangu 1991 hadi ilipopandishwa kuwa 25 mwaka 2015, ilhali bei ya ardhi haikumngoja mtu.

Wapo pia wanunuzi wasiomiliki bunduki. Watazamaji wa ndege huingia nayo bure kwenye hifadhi za taifa za wanyamapori zinazotoza kiingilio. Wengine ni wakusanyaji, na kwao ya 1959 ina pahali pake: Maynard Reece alimchora King Buck, mbwa mweusi, amebeba bata mdomoni, ili wawindaji wakumbuke kwenda na mbwa, ndege aliyejeruhiwa asipotelee kwenye matete.