Banio Lililovuja

Banio la kienyeji la Usangu, huku Mbeya, halikujengwa lidumu. Lilikuwa mawe, magogo na mafungu ya nyasi yaliyoshindiliwa udongo, la kuinua maji kiasi cha kuyaingiza mferejini, basi. Mto ukifurika ulilibeba. Ukitulia, wenye majaruba waliitana wakashuka na mapanga na majembe kulijenga tena. Baba yangu alikuwa mmoja wao, na mimi nilikuwa mbeba nyasi. Kazi ile ilichosha: maji ya kiuno, mawe yanayoteleza, na pengine mvua ikapiga tena milimani kabla watu hawajapumzika.

Kwa hiyo namwelewa kila mzee aliyefurahi zege lilipokuja.

Mpunga wa kumwagilia ulishika kasi Usangu kwa mikono ya wahamiaji Wabaluchi, miaka ya 1930 na 1940, na wenyeji wakauchukua. Katika miaka ya 1970 likaja shamba kubwa la serikali la Mbarali, kwa msaada wa China, kisha la Kapunga. Miaka ya 1990 mradi uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ukazigeukia skimu za wakulima wadogo: ukuta wa zege kukata mto, na mageti ya chuma kwenye mdomo wa mfereji. Waliouchora waliona banio la kienyeji linavuja, wakauita uvujaji ule upotevu.

Hapo ndipo ninapobishana nao. Maji yaliyopenya kwenye mawe yalikwenda kwa jirani wa chini, naye banio lake likavuja vilevile, hadi yakafika ardhi oevu ya Ihefu. Kiangazi, mto ukiwa mwembamba, magogo na nyasi havikuweza kuukamata wote hata mtu angetaka. Ugawaji ulikuwa ndani ya ujenzi wenyewe. Haukungoja kikao wala barua.

Tena kulikuwa na deni kati ya watu. Mwenye jaruba la juu, karibu na mdomo wa mfereji, hakuweza kulijenga banio peke yake. Alihitaji mikono ya walio mkiani, na wa mkiani hawakushuka mtoni kama msimu uliopita walinyimwa zamu. Mvivu alijulikana, mchoyo naye alijulikana. Zege lilipokauka, wa juu hakumhitaji tena wa chini. Akawa na geti, na geti lina ufunguo.

Mto wenyewe, Ruaha Mkuu, una banio lake la asili. Maji ya mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera hukusanyika Ihefu, na njia ya kutokea ni Ng'iriama, penye mwamba uliokingama. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya mwamba ule, Ruaha Mkuu haupati kitu, hata kama viboko wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wanagaragara kwenye tope na bwawa la Mtera linasubiri maji ya umeme. Tangu mwaka 1993 mto umekuwa ukikauka hifadhini wakati wa kiangazi. Machi 2001, akiwa London, Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba kufikia 2010 utatiririka mwaka mzima. Lawama nyingi za kukauka huko ziliangukia wafugaji wa Usangu, na mwaka 2006 wakaanza kuondolewa pamoja na mifugo yao. Ng'ombe hunywa, ndiyo. Lakini ng'ombe hafungi mto. Maji ya kiangazi yaliendelea kuingia mifereji ambayo mpunga wake ulikwisha kuvunwa, yakasambaa mashambani na kukaushwa na jua, huku mtoni chini ya banio kukiwa na mchanga mtupu.

Nazo haki za maji ziliandikwa kwa lita kwa sekunde, namba moja isiyojua masika na kiangazi. Februari namba hiyo ilikuwa sehemu ndogo ya mto. Oktoba iliweza kuwa mto wote, na mwenye karatasi aliweza kuuchukua karatasi ikimruhusu.

Sitaki zege livunjwe. Sitaki mama yeyote arudi kubeba nyasi ndani ya maji ya baridi. Nataka ukuta wa kila banio ukatwe pengo katikati, sakafu yake iwe chini kuliko ya mdomo wa mfereji, upana wake ukubaliwe na walio juu na walio chini, na pengo hilo lisiwekewe geti: maji ya Oktoba yapite hapo kwanza, bila kumngoja mwenye ufunguo.