Umri wa Simu Katika Mitaa ya Dar es Salaam

Kila chombo kina ajali yake. Jembe huisha kwa kusuguana na udongo, chungu huvunjikia kisimani, na jahazi huoza pwani baada ya kuvuka pepo nyingi. Katika vifo vyote hivyo sababu huonekana kwa macho, na mwenye chombo ndiye atoaye hukumu ya mwisho: hukitengeneza akitaka, hukitupa akichoka. Karne hii imetuletea chombo cha namna nyingine, ambacho hufa kikiwa kizima. Kioo chake hakina ufa, betri yake ina nguvu, na mwenyewe bado anakipenda; walakini aliyekiunda, aliye ng'ambo ya bahari, amekoma kukitunza, na baada ya muda hakifai tena kwa kazi iliyokuwa sababu ya kununuliwa kwake. Chombo hicho ni simu janja. Mtengenezaji apaswa kuitunza simu aliyoiuza kwa muda gani? Nitajaribu kujibu kwa njia ya historia, nikitazama mitaa ya Kinondoni na Temeke, kwa sababu huko ndiko simu kuukuu huenda kuishi baada ya kuachwa na wenye nacho.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilikuwa ikiunda redio na betri za National hapa hapa Dar es Salaam. Redio ya namna hiyo ilimdai mwenyewe mambo mawili tu: betri mpya na, siku ya ubaya, fundi mwenye chuma cha kulehemu. Mtengenezaji akishaiuza, uhusiano wake na mnunuzi ulikwisha, wala mnunuzi hakumhitaji tena. Redio ya babu iliweza kurithiwa na mjukuu, na taarifa ya habari ikasikika humo vilevile. Katika zama hizo, kuuliza kiwanda kitaitunza redio kwa miaka mingapi kungekuwa mzaha.

Ishara ya mabadiliko ilionekana usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya televisheni ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam. Televisheni zilizokuwa zikionyesha picha jioni ziligeuka masanduku yaliyonyamaza mpaka zilipounganishwa na kisimbuzi. Watu walijifunza somo jipya, kwamba chombo chaweza kubaki kizima, lakini dunia inayokizunguka ikakihama. Hata hivyo siku ile ilitangazwa mapema, na dawa yake ilijulikana; aliyeweza kununua kisimbuzi hakulazimika kuitupa televisheni yake.

Tuje sasa kwenye simu. Simu za mkononi ziliingia nchini katikati ya miaka ya 1990, zikiwa mali ya wachache. Baada ya mwaka 2000 zilienea upesi, na Nokia 1100 yenye tochi, iliyotoka mwaka 2003, na nyingine za jinsi yake zikafika hata mikononi mwa wachuuzi. Watu wakaziita vitochi. Katika vibanda vya Tandika, Mbagala, Mwananyamala na Tandale ukashamiri ufundi wa simu: kubadili kioo, kusafisha bodi iliyolowa maji, kutafuta betri na kasha la kufanana. Mwezi wa Aprili 2008 Vodacom ilipoleta M-Pesa Tanzania, kitochi kilekile kikawa mkoba wa fedha pasipo kuongezewa programu mpya. Siri yake ni kwamba huduma ilikaa katika mtandao na katika laini, haikukaa katika simu. Abonyezaye *150*00# huletewa orodha ileile, iwe simu yake ni ya jana au ni ya miaka 15 iliyopita. Ndiyo maana kitochi kimeishi umri mrefu kuliko simu nyingi zilizokuja kukidharau.

Simu janja iliipindua kanuni hiyo. iPhone ya kwanza ilitoka mwaka 2007, na simu ya kwanza ya Android mwaka 2008. Baadaye Tecno, itel na Infinix, zote za kampuni ya Transsion ya China, zikaifikisha simu janja kwa watu wa kipato kidogo. Ndani ya simu hii huduma hukaa katika programu, na programu hukaa juu ya mfumo endeshi. Na mfumo huo huchakaa hata simu ikifungiwa kabatini. Huchakaa kwa njia mbili. Ya kwanza ni usalama. Mwezi wa Julai 2015 ilitangazwa dosari iitwayo Stagefright, ambayo ingeweza kumpa mwovu njia ya kuingia katika simu za Android kwa kutuma ujumbe wenye picha za video. Agosti ya mwaka huo Google ikaanza kutoa viraka vya usalama kila mwezi. Lakini kiraka hakifiki simuni chenyewe. Aghalabu hupitia kwa mwenye kuunda kichakataji, kisha kwa mwenye kuunda simu, ndipo kimfikie mnunuzi. Mmoja katika mnyororo huo akichoka, kiraka hukwama njiani na tundu hubaki wazi.

Njia ya pili ni kwamba programu husonga mbele na kuiacha nyuma mifumo ya zamani. WhatsApp iliziacha simu za Symbian mwaka 2017; ikaziacha simu za Nokia za S40 mwisho wa mwaka 2018; tarehe 1 Februari 2020 ikaiacha Android 2.3.7 na zilizoitangulia. Na Oktoba 2023 ikataka Android 5.0 au ya juu yake. Tumfikirie mwanamke auzaye vitenge Tandika, ambaye wateja wake huchagua kwa picha na kuagiza kwa simu. Hakuivunja simu yake, wala bando halikumwishia. Ameamka tu akakuta mlango wa duka lake umefungwa na mtu asiyejua kwamba duka hilo lipo.

Hapa historia yetu wenyewe ina kisa kifaacho kulinganishwa na mambo hayo. Mwezi wa Desemba 2015 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilianzisha rajisi ya namba tambulishi za simu, kwa nguvu ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Wananchi waliambiwa wabonyeze *#06#, waisome namba yenye tarakimu 15, na waitume kwenda 15090 ili wajue kama simu ni halali au bandia. Walipewa miezi sita. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu bandia zikazimwa nchi nzima. Wako walionunua kwa nia njema na wakapata hasara, na manung'uniko yao yalikuwa ya haki. Lakini aliyezima alijulikana kwa jina, siku ilijulikana, sababu ilielezwa, na njia ya kujihakiki iliwekwa wazi kwa kila mtu. Mtengenezaji anayeacha kuitunza simu halali aghalabu hatimizi hata moja kati ya hayo mbele ya mnunuzi wa Mbagala. Haizimi simu; ananyamaza tu, na simu hufa polepole katika ukimya huo. Tukayaona maajabu: simu bandia ilipewa onyo la miezi sita, na simu halali mara nyingi haipewi onyo hata la siku moja.

Wako wasemao kwamba miaka miwili au mitatu ya matunzo yatosha, kwa kuwa watu hubadili simu upesi. Kosa la hesabu hiyo ni kudhani kwamba simu ina mwenyewe mmoja. Simu iliyonunuliwa mpya na mtu wa Masaki huuzwa Kariakoo akiichoka; kutoka hapo huenda kwa kijana wa Mbagala au wa Tandale, na mwisho hupelekwa kijijini kwa mama mzazi. Mwenyewe wa tatu huanza kuitumia wakati mtengenezaji amekwisha kuihesabu kuwa maiti. Tena umri wenyewe aghalabu huhesabiwa tangu siku simu ilipozinduliwa, ingawa huendelea kuuzwa madukani kwa muda mrefu. Aliyeinunua mpya, ndani ya boksi lake, miaka miwili baada ya uzinduzi, amelipa bei ya simu nzima akapewa umri wa nusu.

Hoja za watengenezaji zisikilizwe pia. Husema kwamba matunzo yana gharama, kwamba faida ya simu rahisi ni ndogo, na kwamba wakilazimishwa bei itapanda, naye maskini atakosa hata hicho kidogo. Husema tena kwamba mfumo mpya ni mzito kwa simu ya zamani, mfano wa koti la mtu mzima kuvishwa mtoto. Tuongeze la tatu, ambalo twalijua wenyewe: sasisho kubwa hula bando, na bando ni fedha ya unga. Hoja hizi zina uzito, lakini zinahusu koti jipya. Mwenye simu kuukuu anaomba kiraka, na kiraka ni chepesi. Mwezi wa Januari 2023 Apple ilitoa kiraka cha usalama kwa iPhone 5s ya mwaka 2013, ambayo ilikuwa imekwisha kuachwa na mifumo mipya. Basi yawezekana kuulinda mlango wa nyumba pasipo kuijenga nyumba upya. Kampuni hiyohiyo, Desemba 2017, ilikiri kwamba ilipunguza kasi ya simu zake zilizochoka betri, na Februari 2020 Ufaransa ikaitoza faini ya euro milioni 25. Kosa lililotajwa lilikuwa kutowaambia wanunuzi.

Nchi nyingine zimekwisha kulifanya jambo hili kuwa la sheria. Tangu tarehe 29 Aprili 2024 Uingereza humtaka mtengenezaji atangaze muda wa chini wa masasisho ya usalama. Tangu tarehe 20 Juni 2025 Umoja wa Ulaya hudai masasisho yapatikane kwa miaka isiyopungua 5, ikihesabiwa tangu aina hiyo ya simu ilipokoma kuingizwa sokoni. Google mwaka 2023 na Samsung mwaka 2024 ziliahidi miaka 7, lakini ahadi hizo zilianza kwa simu za bei ya juu, ambazo Tandika huzipata zikiwa zimekwisha kula nusu ya umri wao.

Rai yangu ni hii. Simu yoyote iuzwayo Tanzania, hata iliyo rahisi, ipewe viraka vya usalama kwa miaka isiyopungua 5 tangu siku ya mwisho ya kuuzwa kwake ikiwa mpya. Tarehe ya mwisho iandikwe juu ya boksi kwa Kiswahili, kama iandikwavyo juu ya kopo la maziwa, ili hata mnunuzi wa mkono wa tatu aijue. Na mtengenezaji akiiacha simu, aifungue kufuli ya mfumo wake, ili fundi wa Mwananyamala aweze kuiwekea mfumo mwingine. Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo hukagua aina za simu na kuzipa idhini, ina mahali pa kuyadai hayo. Wahenga walisema kwamba ahadi ni deni. Deni lisiloandikwa tarehe ndilo gumu kudaiwa, na ndilo wanalodai leo wakazi wa mitaa hii, wengi wao pasipo kujua kwamba wanadai.