Kinyonga Alitaka Udongo

Ndugu msomaji, kama umekulia uswahilini kama mimi, basi kinyonga humjui, unamwogopa tu. Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi Kibiti kwa bibi yangu kusubiri maisha, na hapo nikaanza kuandika riwaya ambayo mpaka leo haijaisha. Siku moja nilipoipitia niligundua kwamba neno kinyonga limejaa humo, na kila mahali ni tusi. Mwanasiasa kinyonga, mpenzi kinyonga, rafiki kinyonga. Kinyonga mwenyewe, yule mwenye mkia na miguu minne, hakuwemo hata kwenye ukurasa mmoja.

Nilikutana naye mwaka jana. Bibi alinituma Nyamisati, kule bandarini kwenye delta ambako watu hupanda boti kwenda Mafia, nikamchukulie kamba. Wakati wa kurudi, kabla ya kufika Bungu, bodaboda wetu alipunguza mwendo kwa sababu watoto walikuwa wamejaa njiani. Katikati yao alikuwepo kinyonga wa kijani, amefura, mdomo wazi. Mtoto mmoja alikuwa na ugoro wa babu yake kwenye karatasi. Mchezo huo naujua, nimeucheza. Unamtilia kinyonga ugoro mdomoni, kisha mnasimama mnamtazama anavyobadilika rangi mpaka anakufa, na mnacheka.

Sijui siku ile nilipatwa na nini. Niliwapa shilingi mia tano, nikamsogeza kwa kijiti mpaka akaingia kikapuni, mbali na kamba wa bibi, nikaondoka naye.

Bibi alipofunua kikapu alirudi nyuma hatua tatu. "Mume wangu, umeniletea mkosi ndani! Hujui huyu ndiye aliyetuletea kifo?"

Hadithi hiyo aliipata kwa bibi yake. Mungu alimtuma kinyonga awaambie wanadamu kwamba hawatakufa. Kinyonga akaenda kwa mwendo wake ule, mguu mmoja mbele, mmoja hewani, akisimama kula nzi. Mjusi naye akaja mbio na habari nyingine, kwamba watakufa. Akafika wa kwanza, na neno lililotangulia ndilo likashika.

Nilidhani ni ya kwetu peke yetu. Kumbe hadithi hii imetembea kuliko wengi wetu! Kule kusini kabisa, kwa Wazulu, mmisionari Henry Callaway aliiandika katika karne ya 19. Alice Werner, aliyekuwa akifundisha Kiswahili London, aliisimulia katika kitabu chake cha hekaya za Wabantu kilichotoka mwaka 1933. Nilipojua hayo nikajiuliza swali la kijinga: kama kinyonga ndiye aliyebeba habari njema, mbona tunamtilia ugoro yeye, na mjusi tunamwacha atembee ukutani? Kosa lake ni kuchelewa tu. Nilimuuliza bibi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mjusi hashikiki." Tukacheka wote, na kinyonga akapata ruhusa ya kukaa uani.

Basi nikaanza ufugaji. Nilipigilia sanduku la mbao, upande mmoja nikaweka kipande cha chandarua kikuukuu ili hewa ipite, ndani nikasimamisha matawi ya mwembe, chini nikatandika gazeti. Nikajiona fundi. Siku tatu za kwanza nilikosea karibu kila kitu. Nilimwekea maji kwenye kisahani, hakuyagusa. Nilimwekea mchicha, hakuutazama. Nilimwekea panzi waliokufa, ikawa vilevile. Kila jioni nilimtoa nimpapase kama paka, naye kila mara alifura, akatoa sauti ya pumzi kama tairi linalopungua upepo, akawa mweusi mweusi.

Kidogo kidogo akanifundisha. Maji anayataka yawe matone juu ya majani, kama umande, basi nikawa nanyunyiza asubuhi na jioni. Chakula anakitaka kiwe hai na kitikisike. Jicho moja linatazama huku, jingine kule, halafu yote mawili yanamgeukia panzi, na ulimi unafyatuka, mrefu kuliko mwili wake. Jua la asubuhi analipenda ila kivuli kiwe karibu. Na kupapaswa hataki. Kinyonga si paka. Unamfuga kwa macho.

Kuhusu rangi ndiyo niliaibika kabisa. Nilikuwa naamini anabadilika ili ajifiche, awe mlaghai. Nadhani sisi wa Rufiji tuna haki ya kuwaza hivyo, maana tunaijua historia ya kujificha. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ile ambayo watu wa pwani waliiita manowari ya bomba tatu, iliizamisha Pegasus ya Waingereza Zanzibar, kisha ikarudi kujificha ndani ya delta yetu, imefunikwa matawi ya mikoko ili ifanane na kingo. Waingereza waliitafuta kwa meli na kwa ndege, na tarehe 11 Julai 1915 ikaishia hapohapo mtoni.

Ile ilikuwa hila. Kinyonga wangu hakuwa na hila. Nilimweka juu ya kanga nyekundu ya bibi, hakuwa mwekundu. Usiku alipolala alipauka, kwenye baridi akakolea, akikasirika akatoka madoa. Mwaka 2015 wataalamu wa Geneva walieleza jambo hili kwa kuchunguza kinyonga wa Madagascar. Ndani ya ngozi yake mna seli zenye fuwele ndogo mno, na fuwele hizo zikikaribiana au kuachana, mwanga unaorudi kwenye macho yetu unabadilika. Rangi yake aghalabu ni joto lake, hofu yake, hasira yake. Yaani huyu tunayemwita mnafiki, moyo wake uko juu ya ngozi. Nikarudi kwenye riwaya yangu nikafuta matusi yote yale. Ilibidi nitafute neno jingine la mwanasiasa.

Lakini wapo wanaompenda, na mapenzi yao nayo ni hatari. Kwa miaka mingi Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza vinyonga hai kwa wingi ng'ambo, hata baada ya mkataba wa kimataifa wa CITES kuanza kuibana biashara yao mwaka 1977. Mwaka 2016 serikali yetu ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai. Juni 2022 likatoka tangazo la kufungua mlango kwa miezi sita, kelele zikawa nyingi, likasitishwa papo hapo. Na Januari 2021, uwanja wa ndege wa Vienna, maafisa wa forodha walimkuta msafiri na vinyonga 74 wa milima yetu ya Usambara, kawaficha ndani ya soksi na makopo ya aiskrimu. Watatu walikufa. Niliposoma habari hiyo nililitazama sanduku langu la mbao. Nilijiambia mimi ni tofauti. Mimi namlisha.

Wiki ya sita kinyonga akakataa kula. Tumbo lilikuwa limejaa, macho yameanza kuingia ndani. Alishuka kutoka kwenye matawi, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akawa anatembea chini kwenye gazeti, kona hadi kona, akilikwaruza. Nikamrudisha juu. Akashuka. Nikamrudisha tena, nikamfuatia panzi wanono kabisa. Akashuka. Usiku wa pili nilimsikia anakwaruza mpaka nikashindwa kulala. Nikaona kifo kile cha hadithi ya bibi kinakuja, ila safari hii mimi ndiye mjumbe.

Asubuhi bibi alikuja kuangalia, yeye ambaye hakuwahi kusogea. Alimtazama muda mrefu.

"Huyu ana mimba," akasema. "Anatafuta udongo. Wewe umempa gazeti."

Hapo ndipo aliponisimulia habari ambayo kwa miaka ishirini na minne ya umri wangu sikuwahi kumuuliza. Bibi si mzaliwa wa Kibiti. Alizaliwa bondeni, kwenye mashamba ya mpunga ya mto Rufiji. Mwaka 1968 mafuriko yalikuwa makubwa, na serikali ikaanzisha Operesheni Rufiji, watu wahamishwe kutoka bondeni kwenda vijiji vya Ujamaa kwenye ardhi ya juu. Yeye alikuwa binti wa miaka kumi na tatu.

"Walitupenda, sikatai," alisema. "Walileta malori. Walituletea unga. Kisima, shule, tukaahidiwa vyote. Lakini mpunga wetu ulibaki bondeni. Huku juu hauoti vile. Basi kila msimu tukawa tunashuka kwa miguu, tunalala kwenye madungu, tunafukuza ndege na nguruwe, halafu tunapanda tena. Mabwana wakatuona wakaidi. Hakuna aliyeuliza, nyie watu mnashuka kufuata nini?"

Kisha akanipa jembe.

Tulimpeleka nyuma ya nyumba, chini ya mkorosho, mahali palipokuwa na unyevu. Tukalegeza udongo kidogo, tukamweka, tukakaa mbali. Alizunguka karibu saa nzima. Halafu akaanza kuchimba kwa miguu ya mbele, taratibu, mpaka mwili wote ukaingia shimoni, kichwa tu kikabaki. Ilikuwa jioni alipotoka, mwembamba kama soksi tupu, akafukia, akapakanyaga kwa miguu yake. Hatukufukua kuhesabu mayai. Kinyonga wa aina yake huweza kutaga arobaini na zaidi, wala hakai kulinda.

Nilimnyunyizia maji, akanywa sana. Siku nne nilimlisha, nguvu zikamrudi. Siku ya tano nilipanda bodaboda hadi pale njiani, nikamwachia juu ya kichaka, mbali na nyumba za watu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayekamata mnyama wa porini, na mimi sikuwa nacho. Lakini niseme kweli, sheria niliijua baadaye. Nilimrudisha kwa sababu ya yale maneno ya bibi.

Wenzangu mnaoandika, na ninyi mnaotamani kufuga, nimejifunza hili moja. Kulisha ni rahisi. Kazi ni kumtazama kiumbe mpaka ujue anashuka kufuata nini, kabla hujamrudisha kwenye tawi ulilomchagulia wewe. Riwaya yangu nimeianza upya. Sasa inaanzia bondeni, mwaka 1968, kwenye dungu.

Mayai bado hayajaanguliwa, huchukua miezi mingi. Bibi amepazungushia miiba kwa ajili ya kuku. Watoto wa jirani wakiuliza pana nini, anawaambia pana habari njema inakuja, ila inatembea polepole.