Programu iliyosoma majina ya watu

Siku hizi wauzaji wa akili bandia wanabisha milango ya vyuo vikuu wakiahidi kuchambua maombi ya wanafunzi, kana kwamba jambo hili limezaliwa jana. La hasha! Hebu turudi London, kwenye chuo cha udaktari cha St George's, miaka ya sabini.

Chuo hicho kilipokea maombi yapata 2,500 kila mwaka, na takriban robo tatu yalitupwa kwa kusoma fomu tu. Dkt. Geoffrey Franglen, msimamizi wa udahili, aliona kazi hiyo inachosha, tena kila mchujaji ana mizani yake. Akaketi kuandika programu ya kumpa kila mwombaji alama. Mwaka 1979 fomu zilipimwa mara mbili, na watu kisha na tarakilishi, na matokeo yakapatana kwa asilimia 90 hadi 95. Nani angekataa? Kufikia 1982 mchujo wote wa kwanza ulifanywa na mashine.

Wewe unayeandika programu, tulia kidogo hapo kwenye 95. Kupatana na nani? Na wachujaji walewale! Fomu haikuuliza rangi ya mtu, lakini programu iliikisia kwa jina la ukoo na mahali pa kuzaliwa. Jina lisilo la Kizungu liliweza kumgharimu mwombaji alama 15. Kuwa mwanamke, alama 3 hivi kwa wastani. Akina Otieno wangepona wapi?

Mwishoni mwa 1986 wahadhiri wawili wa chuo hichohicho walipeleka habari kwa tume ya Uingereza ya usawa wa kimbari. Ripoti ilitoka 1988: huenda watu 60 kila mwaka walinyimwa mahojiano kwa sababu ya jinsia au asili yao.

Ajabu ni kwamba St George's ilikuwa na wanafunzi wengi zaidi wa jamii za wachache kuliko vyuo vingi vya udaktari vya London. Kwingine ubaguzi, kama ulikuwapo, ulikaa vichwani mwa watu, na kichwa hakifunguliwi ukasoma mistari yake. Hapa mizani ilikuwa imeandikwa, tume ikaisoma.

Mwaka 2013 idara ya sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Texas, Austin, ilieleza programu yake GRADE ya kupanga maombi ya uzamifu. Hiyo haikuandikiwa mizani na mtu. Ilijifunza kutokana na maamuzi ya udahili ya miaka iliyopita. Idara iliiacha mwaka 2020.