Watangazaji wa Spoti Redioni: Mbona Kisii na Nyamira Bado Wanahitaji Wazee

Mtangazaji wa spoti redioni ni msee anayekuonyesha gemu kwa mdomo. Picha hakuna, kwa hivyo stori ndiyo kila kitu. Kijana ana kasi na habari moto za mitandaoni. Mzee ana kumbukumbu.

Cheki Shabana FC, timu ya Kisii iliyoanza 1980. Ilishuka ligi kuu 2006, ikarudi 2023. Piga hesabu: kama ulizaliwa Kisii ama Nyamira mwaka iliposhuka, ulifika miaka 17 ndio ukaiona huko juu. Hiyo miaka yote, magoli ya Henry Motego ya enzi za themanini yaliishi kwa midomo ya wazee. Leo Gusii Stadium ikijaa mashabiki wa Tore Bobe, mtangazaji yeyote atakupa matokeo. Lakini kukueleza mbona babu fulani analia kwa bao moja tu? Hiyo inataka mtu aliyekuwepo, ama aliyeketi na waliokuwepo.

Usidhani mvi ndiyo uzoefu, lakini. Kuna mzee anarudia stori moja kila wiki. Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, aliingia Sauti ya Kenya 1964 akiwa kijana tu. Jina alilijenga kwa kazi.

So kama unaota maiki, anza na wazee wa Suneka na Manga. Uliza, rekodi, hakikisha majina na miaka. Wakienda kabla hujauliza, stori imeenda nao.